Mkono wa Peguero

9 Mei

Nimeletewa mgeni. Marcy wa ofisi ya klabu ya besiboli alimshusha mlangoni na begi moja, hata gari hakuzima. "Huyu ni Eudis Peguero, mrushaji, ametoka Jamhuri ya Dominika, hali samaki," akasema, utadhani ananikabidhi paka. Mtu wa kisiwani hali samaki! Haya, ya Mungu mengi.

Mwaka jana nilisema sichukui tena mchezaji nyumbani kwangu. Wanamaliza maji ya moto na wanaacha mlango wa friji wazi. Lakini klabu inampa kila anayewalaza tiketi mbili za msimu mzima, na chumba alichokuwa marehemu mume wangu Milo akitengenezea redio zake kimekaa kitupu tangu tumzike. Nimemwonyesha kitanda. Ameniita Doña Verna, kwa heshima ya kwao. Nimemwambia Verna inatosha, akasema, "Sawa, Doña Verna."

12 Mei

Mechi ya kwanza. Wasagaji, timu yetu ya hapa Kettle Bend, wamefungwa na watu wasiojua kushika gongo. Eudis alirusha zamu tano kati ya tisa.

Safu ya nne, nyuma ya kituo cha tatu, sote tumerudi salama, kiangazi kingine. Orville Stamm, aliyekuwa rafiki wa Milo na aliyepeleka barua mji huu mpaka magoti yakamkataa, kanenepa. Gayle Tinsley, mwalimu wa hesabu mstaafu, kanunua simu kubwa zaidi ili aone takwimu zake vizuri. Besiboli tunaipenda, ila kwa kweli tunachokuja kufanya ni kuwapima watu. Nani ana thamani, nani hana, nani auzwe, nani hajui kazi.

"Umemwona mgeni wako, shemeji?" Orville akaanza. "Mpira umepigwa upande wa kulia, yeye kasimama kama mwalikwa wa harusi! Mrushaji anatakiwa akimbilie kituo cha kwanza. Hiyo ndiyo kazi!"

"Mpe nafasi, ndiyo mechi yake ya kwanza," Gayle akasema.

"Nafasi anapewa mtoto. Huyu analipwa."

"Analipwa hela ya soksi, Orville."

"Hata soksi zenyewe hastahili," nikasema mimi. Ndiyo, mimi. Na mchana ule alikuwa amekula nyama yangu ya kuoka na viazi, akaosha sahani.

15 Mei

Mvua. Hakuna mchezo.

17 Mei

Mchezo ulisimama saa nzima kwa manyunyu, tukabaki chini ya paa la bati tukipiga soga. Klabu ndogo kama yetu haina fedha za kununua wachezaji, inabadilishana tu chochote kilichopo. Mwaka juzi tulimtoa Dwyer, mlinzi wa kituo cha pili, tukapewa basi kuukuu. Orville anasema mpaka leo basi limetufaa kuliko Dwyer.

"Na Peguero ungemtoa kwa nini?" nikamchokoza.

"Mashine ya kukatia majani."

"Nzima au mbovu?" Gayle akauliza, uso mkavu kabisa.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikageuka, nikamwona Eudis amesimama uzioni hatua chache kutoka kwetu akisubiri mvua ipungue. Kiingereza chake ni kizuri kuliko tunavyodhani. Alinipungia mkono.

24 Mei

Ameshinda. Orville anasema ni bahati.

3 Juni

Leo nimeambiwa jambo ambalo heri nisingeambiwa.

Nilimpikia mayai asubuhi. Eudis ni mtu wa mkono wa kushoto, kila kitu anakifanya kwa kushoto. Leo kashika uma kwa kulia, yai likawa linamtoroka sahanini. Nikamwuliza, akasema anajifundisha. Nimelea wana wawili, sikuzaliwa jana. Nikamwambia vua hilo koti.

Kiwiko kimeumuka kama unga wa maandazi ya kolache. Hawezi kukikunja kikafika mdomoni. Na anarusha nacho!

"Daktari wa klabu anasemaje?"

"Hajui. Anajua mama yangu tu. Na sasa wewe."

Nikachukua mfuko wa njegere kwenye friji ya barafu nikamfunga nao. Ndipo akaniambia, taratibu, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Klabu kubwa ilimchukua akiwa na miaka kumi na sita, ikamwacha akiwa na ishirini na mbili. Sasa kuna klabu nyingine ya ligi kuu inayoulizia habari zake kwa kocha wetu. Ikimnunua, mkono unakuwa wa kwao. Ukikatika huko, wao watampasua, wao watamtibu, mwaka mmoja ataanza upya. Ukikatika hapa kwa Wasagaji, mkataba umekwisha siku hiyo hiyo, na viza pamoja nao, na yeye anarudi kwao Baní kuuza simu kuukuu na shemeji yake.

"Kwa hiyo unataka kuwauzia mkono mbovu," nikasema.

"Ndiyo."

"Huo ni uongo, Eudis."

"Ni uongo, Doña Verna. Na wale walioniacha waliniambia mimi ni kama mtoto wao."

Nikamkazia ule mfuko wa njegere. Akaniomba tu lisitoke nyumbani. Nimemwahidi. Nimeapa kwa kaburi la Milo, ingawa kiapo hakuniomba.

4 Juni

Gayle ameniuliza kama naumwa, kwa sababu nimekaa zamu tisa bila kumtukana mtu.

10 Juni

Mvua. Hakuna mchezo. Mungu ashukuriwe.

11 Juni

Mvua tena. Orville kanipigia simu kulalamika. Nikamwambia mahindi yanaihitaji. Tangu lini wewe una shamba, akaniuliza.

Mgeni wangu kalala mchana kutwa, mkono umefunikwa njegere. Mkono ukipumzika siku nne, anaweza kufunga kifungo cha shati. Nimeanza kusikiliza utabiri wa hali ya hewa kama mkulima mwenye deni benki.

19 Juni

Ameshinda tena. Wapigaji kumi na mmoja wamepiga hewa wakatolewa. Gayle anasema ukipima kila kitu, Peguero ndiye mchezaji mwenye thamani kuliko wote Kettle Bend, na wa pili hamkaribii. Alinionyesha kwenye simu. Nilijisikia kama nimemzaa mimi.

"Takwimu hazimwonyeshi mtu," Orville akasema. "Huyu anatembea kwenda kwenye kilima cha kurushia, anatembea kurudi. Akipasha mwili anarusha kama anamrushia bibi yake. Mwenzake akikosea hampi hata neno. Mchezaji wa kweli anaonekana asiporusha."

Nilikuwa nayo majibu yote mdomoni. Anarusha polepole akipasha kwa sababu mipira aliyobakiza mkononi ni ya kuhesabu, bwege wewe! Nikanunua soda nikainywa yote kwa mkupuo.

4 Julai

Fataki za sikukuu ya uhuru. Mbwa wa jirani kajificha chini ya gari langu. Eudis kapika wali na maharage jikoni kwangu, sufuria imeungua, chakula kilikuwa kitamu.

9 Julai

Jua. Hakuna dalili ya wingu. Kocha sasa anamrushisha kila baada ya siku nne, maana timu iko ya pili na watu wameanza kujaa uwanjani.

13 Julai

Jua. Mahindi yameanza kujikunja majani. Kanisani padre kaombea mvua, na nadhani hapakuwa na mtu aliyeitika "amina" kwa nguvu kuliko mimi.

16 Julai

Eudis kaja jikoni akitabasamu, jambo ambalo halifanyi bure. Kocha kamwambia ile klabu kubwa itamtuma msaka vipaji wake kabla mwezi haujaisha. Siku haijulikani. Wakiridhika wananunua mkataba wiki hiyo hiyo.

"Mechi mbili," akasema. "Tatu labda. Mkono utafika."

"Na usipofika?"

Akafungua friji akachukua njegere zake. Nimeona huwa ananipa mgongo anapojifunga, nisione uso.

Niandike wazi: mwanzoni nilidhani huyu kijana ni mvivu mwenye majivuno. Sijapata kuona mtu anayefanya kazi kwa bidii kiasi hiki. Na bidii yake yote inakwenda kwenye kuficha. Nikikaa na wale wenzangu wawili nikisikia wanavyomchambua, nawaona kama watu wanaotoa bei ya nyumba wasiyowahi kuingia ndani. Mimi nimo ndani. Nadhani hilo ndilo lililoniponza, ila leo silijui bado.

*(Nimeongeza mstari huo wa mwisho tarehe 29.)*

22 Julai

Nitaandika yote leo, maana kesho nitaanza kujitetea.

Joto la kuyeyusha lami. Uwanja umejaa. Eudis alikuwa anarusha, na alikuwa anarusha vizuri ajabu, zamu tatu za kwanza hakuna mtu aliyefika hata kituo cha kwanza. Nyuma yetu, safu ya tano, alikaa mzee mwenye shati la mistari, anamenya karanga, kimya. Nikadhani ni baba wa mchezaji wa wageni. Wasaka vipaji sisi tunawajua. Huja na kofia ya majani, huketi nyuma ya mdakaji, na mkononi wameshika kile kipima mwendo wa mpira wakikinyoosha kama polisi wa barabarani. Huyu alikuwa na karanga tu.

Zamu ya nne, Orville akatoa mpira mfukoni.

"Shemeji, tazama. Bernice wangu yuko kitandani na nyonga yake wiki ya tatu. Kitu kimoja tu kaomba, sahihi ya huyo mgeni wako, maana anamsikiliza redioni. Nimesimama langoni juani nusu saa. Tazama alichonipa!"

Nikautazama. Mwandiko ulikuwa umetambaa, herufi zimeangukiana, jina halisomeki.

"Kuku aliyetia mguu kwenye wino," Orville akasema. "Hata hakunitazama usoni. Hiyo ni dharau. Nimesema tangu Mei, mtu huyu hana heshima ya kazi. Mpe mamilioni yake ya ligi kuu halafu uone, hata huo mguu wa kuku hatakupa."

"Labda alikuwa na haraka," Gayle akasema.

"Haraka ya wapi? Ya kwenda kulala kwa Verna? Mwulize Verna, kazi yake kulala."

"Orville, nyamaza," nikasema.

"Sinyamazi. Mke wangu analia nyumbani—"

"Halii! Bernice hajalia tangu mwaka wa harusi yenu!"

"Tumuuze, ndilo ninalosema. Tumuuze angali na bei, kabla watu hawajagundua kuwa ni mvivu."

Basi. Hapo kitu kikakatika ndani yangu. Miezi miwili nimekaa na yule mtu meza moja, miezi miwili nimesikiliza ujinga huu na kumeza soda. Nikasimama. Nikasema, na sauti yangu ni ile ile niliyokuwa nikiwaitia wanangu kutoka ng'ambo ya mto:

"Ameandika hivyo kwa sababu ameandika kwa kulia! Na ameandika kwa kulia kwa sababu wa kushoto haukunjiki! Kiwiko kimevimba hivi! Hata uma hawezi kuushika! Anakesha na barafu nyumbani kwangu, asubuhi siwezi hata kumpa kikombe kizito, na anakuja hapa anawarushia nyinyi, na wewe umekaa na soseji yako mkononi unamwita mvivu! Huyo ndiye mwenye heshima ya kazi, Orville Stamm! Wewe ulikuwa ukiumwa kidole hupeleki barua!"

Safu nzima ikageuka kunitazama. Orville akawa mwekundu mpaka masikioni. Akautazama ule mpira, akaurudisha mfukoni polepole. 

Nilishinda. Naandika ukweli wa Mungu, nilijisikia vizuri kupita kiasi.

Yule mzee wa nyuma akaniinamia. "Samahani, mama. Tangu lini hali hiyo?"

"Tangu mwanzoni mwa Juni," nikamjibu, wala sikugeuka vizuri.

"Na bado anarusha hivi?"

"Na bado anarusha hivi!" nikasema, kwa fahari, kama kwamba mkono ni wangu.

"Ama kweli," akasema, akaninyooshea mfuko wa karanga. Nikachukua. Nikala.

Alipoinuka kwenda, mchezo ulikuwa haujaisha. Aliinama kuchukua begi lake chini ya kiti, zipu ilikuwa wazi, na ndani nikakiona kipima mwendo kimelala kando ya chupa ya maji.

Gayle alikiona pia. Alinishika goti. 

Eudis alishinda. Watu wote walisimama wakampigia makofi. Nyumbani alikula vipande vitatu vya mkate wa nyama, akaniuliza kama nimemwona mtu mwenye kofia ya majani. Nikasema sikumwona. Hilo halikuwa uongo.

23 Julai

Jua. Sijamwambia.

25 Julai

Klabu kubwa imesema inamtaka, kwa sharti kwamba kiwiko kipigwe picha kwanza. Kocha kashangaa, maana kwa kawaida hawaombi hivyo kwa mchezaji asiye na historia ya kuumia. Eudis aliisimulia habari hiyo akiwa amesimama, kofia mkononi.

Anadhani ni Kip, yule anayewakanda misuli. Anasema Kip alimgusa kiwiko wiki iliyopita akakunja uso. Leo wamerushiana maneno mbele ya timu nzima, na Kip kaapa hajafungua mdomo.

Nilikuwa nakatakata vitunguu. Nafasi ilikuwa hapo, wazi, pana kama mlango wa ghala. Nikaendelea kukata vitunguu, na nilimshukuru Mungu kwa vitunguu.

26 Julai

Mvua! Imenyesha kutwa. Wakulima wanacheka barabarani. Hakuna mchezo, na haina maana tena.

28 Julai

Picha imetoka. Mshipa wa ndani wa kiwiko umechanika zaidi ya nusu. Klabu kubwa imejitoa saa tatu asubuhi. Saa sita Wasagaji wakavunja mkataba wake. Marcy ndiye aliyenipigia, akaniuliza kama naweza kumlaza mpaka Jumatano, akaongeza kwamba tiketi zangu zinabaki halali.

Eudis yuko chumbani. Nimemgongea mara mbili na chakula. Anajibu "asante" na hafungui.

29 Julai

Nimesoma niliyoandika tangu Mei. Nimeongeza mstari mmoja. Mengine nimeyaacha, maana maji yakimwagika hayazoleki.

30 Julai

Nimekwenda uwanjani. Sijui kwa nini. Nyumbani kulikuwa kimya mno, na yeye alikuwa ndani ya ukimya huo.

Wenzangu walishatoa hukumu.

"Mimi namwonea huruma," Orville akasema. "Lakini mchezaji wa kweli angesema mwenyewe. Angekwenda kwa kocha akamwambia, mkono wangu mbovu. Hiyo ndiyo heshima ya kazi."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Gayle akasema. "Na kwa hesabu, klabu imefanya sawa. Kiwiko namna ile, nafasi ya kurudi ni ndogo. Nilikuwa nimemkadiria juu mno."

"Ni kweli, ulimkadiria juu."

"Nakubali. Sikuwa na habari zote."

"Habari alikuwa nazo Verna," Orville akasema, na wala hakuwa na ubaya, alisema kwa heshima, kama unavyomtaja daktari. "Verna alijua kabla ya ligi kuu!" Akanipigapiga bega. Sasa ananiheshimu. Miaka yote nimeitaka heshima hiyo pale safu ya nne, na leo nimeipata.

1 Agosti

Nimempeleka kituo cha basi. Alitandika kitanda, akakunja taulo, akasugua mpaka beseni la kuogea. Njiani tulizungumza habari za mahindi, jinsi yalivyosimama tena baada ya ile mvua.

Basi lilikuwa halijafika. Tuliketi kwenye benchi, begi katikati yetu. Nikaona sasa au basi tena.

"Eudis, siku ile ya tarehe ishirini na mbili, nyuma yangu alikaa mtu—"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilijua tangu walipoomba picha." Alikuwa anatazama barabara. "Kip nilimgombeza kwa sababu ilikuwa rahisi kumgombeza Kip. Nimemwomba radhi jana."

"Nilikuwa nakutetea. Walikuita mvivu, Orville alikuita mvivu, nisingeweza—"

"Doña Verna. Wameniita mvivu kila mji niliochezea. Mvivu ananunuliwa." Akalivuta begi karibu. "Waliojua ni wawili tu. Mama yangu hana tiketi ya msimu."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira! Alisema kama anavyosema na waandishi wa habari baada ya mechi, sauti ya chini, bila kumlaumu mwenzake aliyedondosha mpira. Basi likafika. Akanipa mkono, wa kulia, akanishukuru kwa chumba na kwa chakula, akapanda. Nilimpungia. Aliketi upande wa pili, nisioweza kuuona.

2 Agosti

Nimetupa njegere zote.

5 Agosti

Marcy kaleta mwingine. Tate Burkhalter, mlinzi wa uwanja wa nyuma, kijana wa Oklahoma, shingo nene, anakula kila kitu. Nimemwonyesha kitanda, taulo, ufunguo, bomba linalovuja. Kisha nikamkalisha mezani.

"Kanuni ni moja," nikamwambia. "Chochote kinachokuuma, usiniambie. Mguu, mkono, mgongo, mchumba. Usiniambie, na usile mbele yangu kama huwezi kushika uma."

Akacheka. Alidhani ni utani wa bibi. "Hata nikivunjika mfupa, bibi?"

"Hata ukivunjika mfupa. Mpigie mama yako."

Jioni nikachukua mto wangu wa kukalia nikaenda. Orville alikuwa ameniwekea nafasi, kanifutia na kiti. Kijana wa Oklahoma alipotoka kupasha mwili, Gayle akashusha simu yake, jambo ambalo hajapata kulifanya, na watu wa safu ya tatu wakageuka, na wa safu ya tano wakainama mbele.

"Haya, shemeji, tuambie," Orville akasema. "Huyu yukoje? Mzima?"

Nikawaambia simjui, analala kwangu tu.